Kutoka Karakana Hadi Kwenye Mauzo: Mwongozo kwa Fundi wa Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi mitambo, fundi umeme au mhandisi aliyeko Tanga, ambaye amefunga na kutengeneza mashine kwa miaka kadhaa na sasa anafikiria kuhamia upande wa kuziuza. Mimi nilishika spana kwa miaka tisa kabla ya kukabidhiwa orodha ya wateja, na haya ndiyo ambayo ningependa mtu angenieleza mapema. Mifano mingi nimeitoa kwenye pampu za maji na mota zake kwa kuwa ndizo nilizozizoea, lakini anayejua majokofu ya samaki, mizani, jenereta au mitambo ya mkonge ataweza kuihamishia kwenye kazi yake bila shida.

Hatua ya kwanza: Hesabu ulichonacho

Mafundi wengi huamini kwamba muuzaji lazima awe na mdomo mwepesi, na kwa kuwa wao ni watu wa maneno machache hujiona hawafai. Imani hiyo inatupotezea watu wazuri. Fundi anayeitwa kwenye mota iliyoungua haanzi kwa kuifungua. Huuliza ilianza lini kusumbua, ilikuwa ikitoa sauti gani, nani aliigusa mara ya mwisho, umeme siku hiyo ulikuwaje, kisha ndipo hushika beringi na kutoa mita yake. Tabia hiyo ya kuuliza kabla ya kugusa ndiyo hasa kazi ya kuuza vifaa vya kiufundi. Kinachotuangusha sisi mafundi si ukimya, bali ni kwamba tukiulizwa habari za mashine tunayoipenda tunaeleza mpaka mteja anachoka.

Chukua daftari uandike kazi kumi ulizozifanya na unazozikumbuka vizuri. Kwa kila kazi, andika mashine ilikuwa ipi, tatizo lilikuwa nini, chanzo chake kilikuwa nini, ilisimama kwa muda gani, na mwenye mashine alipoteza nini katika muda huo. Jibu la swali la mwisho wengi hawanalo, kwa sababu tulikuwa tukitengeneza na kuondoka. Watafute wenye mashine hizo uwaulize. Ukishapata majibu, wasifu wako hautasema tu kwamba una uzoefu wa miaka saba katika matengenezo. Utasema, kwa mfano, kwamba kisima fulani kilikuwa kikiunguza mota kila baada ya miezi michache, ukagundua kuwa fezi moja, yaani mojawapo ya njia tatu zinazoleta umeme kwenye mota, ilikuwa ikikatika, ukafunga kinga ya fezi, kifaa kinachoizima mota fezi ikikosekana, na mota haikuungua tena kwa muda wote uliokihudumia. Mwajiri wa mauzo akisoma maelezo hayo anaona mtu anayeweza kuzungumza na wateja wake. Jiepushe tu na kutaja bei, michoro au mipango ya mwajiri wako wa sasa, kwa sababu anayetoa siri za jana ataonekana kuwa atatoa na za kesho.

Kama umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au una leseni ya kufunga umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, usiache usajili huo ukafa kwa kudhani kwamba umeshahama. Utauhitaji mbele ya wateja, na utauhitaji zaidi ukiona mauzo hayakufai na ukataka kurudi.

Hatua ya pili: Chagua bidhaa kwa kuutazama mkoa

Uza kitu ambacho umewahi kukifungua kwa mikono yako. Ukishatimiza sharti hilo, utazame mkoa huu na ujiulize nani anakihitaji na nani kati yao anaweza kuamua kununua akiwa hapa hapa.

Tanga ina viwanda vya saruji na chokaa, mashamba ya mkonge kuanzia Muheza hadi Korogwe, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, machungwa ya Muheza, mboga na matunda ya Lushoto, wavuvi na wafanyabiashara wa samaki, na bandari. Siku hizi kijana akisikia mauzo ya kiufundi mawazo yake yote huenda Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda. Ushauri wangu ni kwamba usianzie huko. Katika miradi mikubwa ya namna hiyo maamuzi ya ununuzi hufanyika mbali na Tanga, kwa taratibu ndefu na kwa wazabuni waliokwisha kuorodheshwa, na muuzaji mgeni anaweza kuhangaika mwaka mzima bila kupata hata oda ya gasketi. Mwenye shamba wa Muheza, mwenye mashine ya barafu, au meneja wa karakana ya kiwanda cha kati ataamua ndani ya wiki chache, na utajifunza kutokana na kila jibu lake, liwe ndiyo au hapana.

Ujuzi wa mahali una thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nitatoa mfano mmoja. Visima vingi vya ukanda wa pwani, kuanzia Mkinga kupita Tongoni hadi Pangani, vina maji yenye chumvi kwa viwango tofauti. Pampu ya chuma cha pua cha aina ya 304, ambayo kwenye maji yasiyo na chumvi ya Korogwe inaweza kudumu miaka mingi, kwenye maji ya chumvi huanza kupata vitundu vidogo vidogo, kwa kuwa kloraidi iliyomo kwenye chumvi hutoboa tabaka linaloukinga uso wa chuma hicho. Chuma cha aina ya 316, kilichoongezwa molibdenamu, huhimili zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Anayeuza kwa kusoma orodha ya bei atampa mteja wa Tongoni pampu ya bei nafuu na kumpoteza mteja huyo pamoja na kijiji kizima. Wewe unayejua utaomba kwanza maji yapimwe.

Hatua ya tatu: Tafuta mlango

Milango ni miwili. Wa kwanza ni wa ndani: kama unafanya kazi kwa msambazaji wa mashine, omba kuhamishiwa kwenye huduma baada ya mauzo, kisha omba uwe unafuatana na afisa mauzo kwa wateja wanaohitaji maelezo ya kiufundi. Wa pili ni wa nje: kama wewe ni fundi wa kiwanda au shamba, wale wanaokuuzia vipuri wanakufahamu tayari, na wanajua kama wewe ni mtu wa kutunza ahadi. Zungumza nao kabla hujatuma barua kwa watu usiowajua. Mlango wa kwanza ni wa polepole, lakini mimi naupendelea, kwa sababu mshahara wako hautikisiki wakati ungali unajifunza.

Hatua ya nne: Soma mkataba kama unavyosoma mchoro wa umeme

Hapa ndipo nimeona mafundi wengi wakiumia. Malipo ya mauzo kwa kawaida ni mshahara wa msingi pamoja na kamisheni, na kamisheni ina masharti. Uliza mambo matatu, na usisaini mpaka majibu yake yawe yameandikwa: kamisheni inahesabiwa kwenye mauzo yote au kwenye yale yanayozidi lengo, inahesabiwa kabla au baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani, na inalipwa mteja anapotoa oda au anapomaliza kulipa.

Swali la tatu ndilo linalogusa chakula cha nyumbani. Tuseme lengo lako la miezi mitatu ni shilingi milioni 60 na kamisheni ni asilimia 2, yaani shilingi milioni 1.2. Kama kamisheni hulipwa baada ya mteja kulipa, na mteja wako amepewa siku 60 za kulipa, basi jasho la mwezi Machi utalifuta mwezi Mei au Juni. Mashine kubwa huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu tangu ziara ya kwanza hadi oda inaweza kupita miezi sita. Kwa hiyo weka kando matumizi ya nyumbani ya miezi minne au mitano kabla ya kuhama, na mweleze mwenzi wako waziwazi kwamba mwanzoni kipato kitapanda na kushuka. Kwa upande wa mwajiri wa zamani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, ukiacha mwezi wa kwanza wa ajira. Itimize hata kama umekasirishwa. Mji wetu si mkubwa, na mwajiri huyo anaweza kuwa mteja wako wa kwanza.

Hatua ya tano: Jifunze ziara ya kwanza

Ziara yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kwenye shamba moja la mkonge. Nilimkuta meneja, mtu mzima, nikamwamkia, nikakaa, nikafungua kabrasha. Nilimweleza grafu ya pampu, ufanisi, aina ya sili na unene wa shafti, na kila nilichosema kilikuwa sahihi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali moja: "Kijana wangu, korona ikikosa maji kwa saa mbili, majani yaliyokwisha kukatwa nani ananilipa?" Sikuwa na jibu. Mkonge ukishakatwa hausubiri, na korona, yaani mashine inayochakata majani yake, haifanyi kazi bila maji. Yule mzee hakuwa akitafuta pampu yenye ufanisi mkubwa. Alikuwa akitafuta namna ya kutosimama: pampu ya akiba, vipuri vilivyo karibu, na fundi anayefika siku ile ile. Yote hayo nilikuwa na uwezo wa kumpatia, lakini sikumuuliza, naye akanunua kwa mwingine.

Baada ya siku ile niliweka utaratibu ambao naufuata hadi leo. Salamu haziharakishwi, mtu wa Tanga akikukaribisha kahawa, kaa unywe, uliza hali ya mvua na hali ya kazi, wala usiweke kabrasha mezani. Ukifika kwenye jambo lililokuleta, omba uoneshwe mashine iliyopo kabla ya kuzungumzia mpya. Ukiwa mbele ya mashine, uliza maswali yale yale ambayo ungeuliza kama fundi, kisha ongeza manne ambayo fundi huwa haulizi: ikisimama unapoteza nini kwa siku, umeshajaribu kufanya nini, nani mwingine anahusika katika uamuzi huu, na unataka tatizo liwe limekwisha lini. Uliza moja, nyamaza, andika. Kunyamaza huko ni kugumu, hasa pale unapolijua jibu la kiufundi na ulimi unakuwasha. Vumilia.

Mama mmoja wa Muheza mwenye kitalu cha miche ya machungwa alinipigia simu akitaka pampu kubwa zaidi, kwa sababu maji yalikuwa hayafiki vizuri kwenye tangi lake la juu.

"Shikamoo mama. Naomba kwanza nione maji yanapopita."

"Marahaba mwanangu. Bomba halina tabu, ni jipya. Pampu ndiyo mbovu."

Tulilifuata bomba kwa miguu kutoka kijitoni hadi kwenye tangi, hatua kwa hatua, naye akiwa mbele. Lilikuwa na urefu wa mita 300 hivi, na lilikuwa la inchi moja. Nilikaa chini ya mchungwa nikapiga hesabu. Kwa mita za ujazo 3 kwa saa alizozihitaji, msuguano ndani ya bomba hilo peke yake ulikuwa sawa na kupandisha maji mita nyingine zaidi ya 35, juu ya mwinuko wenyewe wa kilima. Ukiongeza upana wa bomba mara mbili, msuguano kwa maji yale yale hupungua takriban mara 30, kwa hiyo bomba la inchi mbili lingeubakiza chini ya mita 2. Sikumweleza habari za hesabu. Nilimwambia kwamba injini yake inasukuma vilima viwili, kimoja anakiona na kingine kimo ndani ya bomba, na kwamba akinunua pampu kubwa atalipia mafuta ya kusukuma kilima asichokiona. Akanunua mabomba. Fedha niliyopata siku ile ilikuwa ndogo kuliko ambayo ningepata kwa pampu, na meneja wangu aliniuliza kwa nini. Nilimjibu kwamba pampu ile ingerudishwa.

Hatua ya sita: Wafahamu wote wanaohusika

Nyumbani kwa mama yule mwamuzi alikuwa mmoja. Kiwandani ni wengi, na kila mmoja ana hofu yake. Msimamizi wa matengenezo anaogopa kuamshwa usiku. Mtunza stoo anaogopa kipuri kisichofanana na vilivyopo. Afisa ununuzi anaogopa kuulizwa kwa nini hakuchukua bei ya chini. Mhasibu anaangalia lini fedha itatoka. Andaa maelezo mafupi kwa kila mmoja katika lugha ya kazi yake. Na nakusihi sana kuhusu fundi wa mteja: ukiona alifunga kitu vibaya, mwambie mkiwa wawili, kamwe usimwaibishe mbele ya bosi wake. Wewe ulikuwa yeye, na ndiye atakayeitunza mashine yako utakapokuwa umeondoka.

Taasisi za serikali zina njia yake. Zabuni zake hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, kwa hiyo kampuni yako lazima iwe imesajiliwa humo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mahitaji ambayo hayakuingizwa kwenye bajeti mapema ni vigumu kununuliwa. Kwa wakulima kalenda ni nyingine: masika ya Machi hadi Mei hakuna anayefikiria umwagiliaji, na masika ikiisha simu huanza kulia. Ziara zako zitangulie msimu.

Hatua ya saba: Andika profoma inayojitosheleza

Profoma, yaani karatasi ya bei unayompa mteja kabla hajanunua, ni kazi ya mkono wako kama kilivyokuwa kiungio cha nyaya. Taja bei kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni katika biashara ya ndani. Kwa kuwa mashine nyingi huagizwa kutoka nje na thamani ya shilingi hubadilika, weka wazi profoma ni halali kwa siku ngapi. Onesha kodi ya ongezeko la thamani katika mstari wake. Kisha andika yasiyomo: usafiri, kebo, msingi wa zege, ufungaji, kibali. Ugomvi mwingi niliousuluhisha baina ya wateja na wauzaji ulitokana na jambo lililonyamaziwa, mara chache sana ulitokana na mashine yenyewe.

Mahali pa kulinganisha gharama, mwachie mteja kalamu. Yule mama wa Muheza alipoanza kuulizia pampu ya sola, niliandika tu kwamba injini yake hunywa lita 4 za petroli kwa siku, na kwa siku 300 za kazi hizo ni lita 1,200 kwa mwaka. Alizidisha mwenyewe kwa bei anayonunulia kituoni, akatazama jibu, akazidisha tena.

Hatua ya nane: Simama kwenye bei, na ukatae unachopaswa kukataa

Mteja akisema bei ni kubwa, usikimbilie kupunguza. Muulize analinganisha na nini. Mara nyingi utakuta profoma nyingine haina kinga ya fezi, au ina mota ndogo kwa kilowati moja, na hapo ufundi wako unaongea wenyewe. Ukilazimika kupunguza, punguza pamoja na kitu: malipo ya haraka zaidi, au ufungaji ufanywe na fundi wake.

Ipo siku mtu atakudokeza kwamba oda itatoka ukimkumbuka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa na anayepokea, katika ofisi ya umma na katika kampuni binafsi. Kataa kwa upole, mweleze kwamba bei uliyoandika ndiyo yote, na umjulishe msimamizi wako siku hiyo hiyo kwa maandishi. Utapoteza oda kadhaa kwa sababu hiyo. Mimi nimezipoteza, na sijawahi kuzililia.

Kuna hapana nyingine iliyo ngumu zaidi kuitamka, nayo ni ile ya kumwambia mteja kwamba bidhaa yako haifai kwa kazi yake. Iseme mapema, na ukiweza mtajie inayofaa hata kama inauzwa na mshindani wako.

Hatua ya tisa: Rudi baada ya kuuza

Panga ziara ya siku ya 30 baada ya kufunga, uiandike kwenye kalenda siku ile ile unayokabidhi mashine. Beba mita yako. Pampu ya umeme wa fezi tatu, pima ampea za kila fezi na uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Pampu ya sola, pima maji yanayotoka jua likiwa kali, futa vumbi kwenye paneli mbele ya mwenye nayo ili ajue jinsi ya kufanya, na kaza viungio. Andika vipimo kwenye daftari lake na kwenye lako, kwa tarehe. Daftari hilo ndilo utakalolifungua mashine itakapoleta shida mwaka wa tatu, na pia ndilo utakalomwonesha mteja mwingine kwa ruhusa ya mwenyewe.

Nilipofanya hivyo kwa mama wa Muheza, baada ya kumfungia ile pampu ya sola, alikuwa amesimama kando ya tangi akiyasikiliza maji yakiingia bila kelele ya injini. Nilipomaliza kuandika nilimuuliza kama kuna jirani mwingine anayevuta maji kwa petroli. Hakunijibu moja kwa moja. Aliita mjukuu wake, akamwambia anipeleke kwa mzee wa ng'ambo ya kijito, kisha akaniambia nisiende na kabrasha, niende kwanza nikaangalie bomba lake.